Kalibu ya Baba Mkwe

Baada ya kupunguzwa kazi kiwandani, baba mkwe wangu alikuja nyumbani kwetu Pasiansi amebeba betri ya gari iliyokufa. Aliitua mbele ya mlango, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mkwe, kazi umepata."

Nilikuwa fundi wa mashine za kusokota uzi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa cha umma, na kama vingi vya umma miaka ile ya tisini, kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Mnunuzi hakuonekana, lakini kupunguza watu hakukusubiri. Walianza na walinzi, wakaja kwa makarani, mwisho wakatufikia sisi wa karakana. Nilipofika nyumbani na sanduku langu la spana, mke wangu alilipokea akalisukuma chini ya kitanda bila kuuliza kitu. Wiki nyingi baadaye bado nilikuwa naamka saa ya zamu, naoga, navaa, halafu nakaa uani naangalia kuku wake wakichakura.

Baba mkwe alikuwa Mkerewe. Alivuka kutoka kisiwani akiwa kijana, akavulia watu wengine mpaka akapata mtumbwi wake, kisha mwingine. Sasa alikuwa na jina pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki. Sangara alikuwa amegeuka dhahabu. Viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa, magari ya barafu yanapishana, na mtu aliyekuwa na nyavu nzuri alikuwa na sauti.

Wavu wa sangara unataka vitu viwili ili usimame ndani ya maji: maboya juu na uzito chini. Maboya yalikatwa kutoka kwenye kandambili zilizochoka. Uzito ulikuwa mawe, yanafungwa kwa kamba moja moja, nayo yalikuwa na tabia ya kuchomoka au kukwama kwenye matundu ya wavu na kuyachana. Waliokuwa na uwezo walitumia risasi. Risasi ninayosema ni ile ya madini, ya kijivu, laini, nzito kuliko inavyoonekana. Ya bunduki inatokana na hiyo hiyo, na jina ni moja. Kwenye betri ya gari imejaa tele.

"Tutayeyusha, tutamimina, tutauza," alisema baba mkwe. "Wewe si fundi?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Hapo lazima nieleze kitu. Mimi ni Msukuma, na nimelelewa kwamba mkwe ni mtu unayempisha njia. Humkodolei macho, hucheki mbele yake ovyo, na kumwambia "hapana" ni sawa na kumvua nguo. Mzee yule alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Mke wangu, binti yake wa kwanza, hakuwa na kizuizi hicho. Alikuwa anabishana na baba yake tangu alipoota meno.

Kuyeyusha hakukuwa tabu. Tulipata karai zito la chuma, jiko la mkaa, na upawa wenye mpini mrefu. Risasi huyeyuka upesi. Inalegea kama samli, uchafu unaelea juu, unauengua, chini inabaki inang'aa kama kioo. Tabu ilikuwa kalibu, yaani kile chombo cha kumiminia ili itoke na umbo unalolitaka.

Baba mkwe, kama Wakerewe wengi, alikuwa anazibadilisha l na r bila kujali, kwa hiyo kwake kalibu ilikuwa "karibu" na risasi ilikuwa "lisasi." Sisi nyumbani tulishazoea.

"Karibu ya nini kununua?" alisema. "Ziwa zima lina mchanga."

Alichota mchanga ufukweni, akaushindilia kwenye beseni, akauchoma kwa kidole kutengeneza mashimo. Mchanga ulikuwa mbichi. Nilijua kitakachotokea. Kila aliyewahi kufanya kazi na chuma cha moto anajua. Nikasema, "Baba, labda tungeuanika kwanza," nikasema kwa sauti ndogo ile ya mkwe, naye tayari alikuwa ameinua upawa.

Risasi ya moto ilipogusa maji yaliyokuwa ndani ya mchanga, ilirudi juu ikiwa vipande. Nilimvuta mzee nyuma kwa mkono wa shati. Matone yalitua kwenye kofia yake ya kitambaa, yakaitoboa, mengine yakabaki yameganda kwenye ukuta wa nje wa jikoni. Mke wangu akatoka mbio.

"Nani ameumia?"

"Hakuna," alisema baba yake, akiitazama kofia. "Huu mchanga si mzuri. Wa Kerewe ndio mzuri."

Tulijaribu mchanga mkavu. Mchanga mkavu haushiki umbo. Mashimo yalijifukia yenyewe, na tulichopata ni vibonge kama mavi ya mbuzi, kila kimoja na sura yake. Hata hivyo alivifunga kwenye wavu wake. Wavu ulilala upande mmoja ndani ya maji, wavuvi wake wakarudi wamenuna, na mimi ndiye niliyeulizwa kwa nini.

Safari ya pili alileta kalibu ya mbao. Alikuwa amechongewa na fundi wa mitumbwi, mti mgumu, vipande viwili vinavyofungana, kazi safi kabisa ya mikono. Ilipokea risasi mara chache, ikaanza kutoa moshi. Kila tukimimina, mbao iliungua kidogo, shimo likapanuka. Cha kwanza kilitoka kama kidole, cha mwisho kama ndizi. Baba mkwe alivipanga kwenye mkeka akavikagua kwa muda mrefu.

"Vikubwa tutauza kwa wenye nyavu kubwa," alisema.

Nilikuwa naumwa kichwa kwa hasira. Kiwandani nilikuwa mtu wa kupima. Kama gurudumu lilizidi kipimo kwa unene wa unywele, tulilirudisha. Nilijua kalibu inayotakiwa hapa ni ya chuma au aluminiamu, vipande viwili vinavyokutana bila mwanya, ndani mwake msumari unapita katikati ili kila kipande kitoke na tundu lake la kamba. Nilijua pia kwamba kalibu lazima ipashwe moto kabla ya kumimina, vinginevyo risasi inaganda kabla haijajaza kona. Yote hayo nilimweleza mke wangu kitandani. Asubuhi yeye alimweleza baba yake. Mchana jibu lilirudi kwangu kupitia kwake vilevile: "Baba anasema unapenda sana mambo ya kiwandani."

Na mzee mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo uani, tunasikilizana wote.

Kisha kuku wakaanza kufa. Walikuwa wanadonoa punje za risasi zilizoanguka, wanazidhania mtama. Walilegea shingo, wakaacha kula, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mke wangu alipompasua mmoja akaona kilichokuwa ndani ya firigisi, alichukua karai, jiko na upawa, akavibeba mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mawe makubwa, akavitupa huko.

"Kuanzia leo kazi yenu ni huku," alisema. "Na mtu asiyeoga haingii jikoni kwangu. Wewe pia, baba."

Baba mkwe alioga. Sikuwahi kumwona akimtii mtu haraka vile.

Jumapili moja alikuja amevaa koti. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Sengerema kuna nyumba ya mwindaji aliyefariki, watoto wake wanauza vitu vyake, na kati ya vitu hivyo kuna kalibu ya chuma, ya zamani, haijapata kutu. "Chuma, mkwe," aliniambia. "Si ulikuwa unataka chuma?"

Nilifurahi, sitaficha. Tulifunga vipande vya risasi kwenye kiroba ili tuijaribu kalibu huko huko kabla ya kununua, tukaenda Kigongo, tukapanda kivuko mpaka Busisi, tukapata gari la kuelekea Sengerema. Njiani mzee alinihadithia habari za ziwa, akaninunulia chungwa. Nilianza kufikiri kwamba labda tutafika mahali.

Tulimkuta mtoto wa marehemu, mtu mzima, mkulima wa pamba. Alitutolea viti, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Kilikuwa kama koleo, mikono miwili ya chuma, na mdomoni vipande viwili vinene vinavyofumba na kufumbua. Ndani ya kila kipande kulikuwa na nusu ya shimo la duara. Ukifumba, unapata duara kamili na kitobo kidogo juu cha kumiminia.

"Hiki marehemu baba alikuwa anatengenezea risasi za gobole," alisema yule mkulima. "Alikuwa anapiga nguruwe pori, wanamaliza mihogo."

Nikakigeuzageuza. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichoshika tangu nitoke kiwandani. Vipande vilikutana bila mwanya hata wa karatasi. Lakini kilitengenezwa kutoa kitu kimoja tu, goroli nzima, ya duara, isiyo na tundu. Risasi ya gobole haina haja ya tundu.

"Baba," nilisema, "hii ni ya risasi za bunduki."

"Lisasi ni lisasi."

"Ndiyo, baba. Ila naangalia kamba..."

"Kamba ipo nyumbani," alisema, na tayari alikuwa anamwomba mwenyeji mkaa, karai kuukuu na upawa.

Nilimtazama mkulima. Alinitazama. Nadhani alielewa, lakini alikuwa muuzaji.

Tukawasha moto. Kwa kuwa sikuweza kusema, nilifanya kazi niliyoijua. Niliiweka kalibu kandoni mwa makaa ipate joto. Niliomba koroboi, nikaishika chini ya mdomo wa kalibu mpaka masizi yakapaka mashimo yale, maana masizi huifanya risasi isinate. Goroli za kwanza zilitoka na mikunjo, kama utando wa maziwa yaliyopoa, kwa kuwa chuma kilikuwa bado baridi. Nikazirudisha karaini. Halafu kalibu ikakubali. Unamimina, unahesabu pumzi kidogo, unagonga kwa kijiti mkia wa risasi uliobaki kwenye kitobo, unafumbua, na goroli inadondoka kwenye gunia ikiwa laini, inang'aa, sawasawa na mwenzake.

Hilo ndilo lililoniumiza. Ingekuwa kalibu mbovu ningekuwa na la kusema.

Baba mkwe alichuchumaa pale akizipokea. Alizigonganisha, akacheka peke yake. "Umeona! Umeona mkwe!" Nikajaribu tena. Nikasema, "Baba, zitafungwaje?" Akasema bila kuinua kichwa, "Tutatoboa kwa msumari wa moto." Nikafikiria kila goroli moja, msumari wa moto, na vidole vya nani. Tukamimina risasi yote tuliyokuwa nayo, tukaijaza tena ndani ya kiroba, mzee akalipa, tukaaga.

Tulishuka Kigongo jua likiwa bado juu. Siku zile kulikuwa na majambazi ziwani. Walikuwa wanawavamia wavuvi, wananyang'anya injini na nyavu, na mara nyingine wanapiga watu risasi. Kwa hiyo askari walikuwa wanasimama pale kivukoni wakipekua mizigo ya wanaoshuka. Mama mmoja mbele yetu alifunuliwa kapu lake la ndizi. Kisha ikawa zamu yetu. Askari alikuwa kijana, na kwa adabu alimwamkia mzee kwanza.

"Shikamoo mzee. Umebeba nini?"

"Marahaba. Lisasi."

Yule kijana akasimama wima. "Umesema umebeba nini?"

"Lisasi," alisema baba mkwe kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikika. "Kiroba kizima. Tumetengeneza wenyewe, hatukununua."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakarudi hatua. Nikafungua mdomo, lakini askari alishaingiza mkono kwenye kiroba akatoka na goroli kiganjani. Mkono wake mwingine ukashika koleo lililokuwa limejitokeza.

"Na hiki?"

"Hiyo karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu! Karibu ya kutengenezea lisasi!"

Tuliwekwa kwenye kibanda cha polisi kando ya barabara, tukakalishwa sakafuni, mikanda na viatu mbali. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene, mtulivu, ana kikombe cha chai. Alizimwaga goroli mezani, zikabingirika, akazizuia kwa mkono. Nikamweleza kwamba risasi hizi si za bunduki, ni za nyavu, ni uzito wa kuzamisha nyavu za sangara, mzee huyu ana mitumbwi Pasiansi, kila mtu mwaloni anamfahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua goroli moja, akaniinulia mbele ya uso.

"Mimi nimezaliwa Ukara," alisema. "Baba yangu alikuwa mvuvi. Nionyeshe kamba inapita wapi."

Baba mkwe alinigeukia.

"Mkwe, mweleze."

Tangu asubuhi nilikuwa nimelimeza swali lile lile, na sasa nilitakiwa kulijibu mbele ya polisi.

"Haina pa kupita, afande," nilisema.

"Kwa hiyo si za nyavu."

"Ni za nyavu. Tulikuwa tutazitoboa."

"Mtu mwenye akili anatengeneza kitu kizima kisha akitoboe? Kwa nini hamkutafuta kalibu yenye tundu?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini baba wa mke wangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu hana viatu. Nilitazama chini. Afande akatikisa kichwa, akasema tutasubiri gari la kutupeleka mjini.

Kilichotuokoa ni dereva wa gari la samaki aliyekuwa anamjua mzee. Alikuwa anaelekea mjini, akatuona kupitia mlangoni, na bila kuombwa akapitia Pasiansi kumwambia mke wangu. Alasiri mke wangu akafika. Alikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, na mabegani amebeba kipande cha wavu mkuukuu wenye uzito wetu wa zamani, vile vidole na ndizi vya kalibu ya mbao, vimezungushiwa kamba. Aliutupa juu ya meza, juu ya goroli.

"Shikamoo afande. Huyu ni baba yangu, na yule ni mume wangu. Hawajawahi kushika bunduki. Huu ndio uzito waliokuwa wanatengeneza kabla ya hizi goroli zenu."

Afande alivigusa, akalinganisha kidole na ndizi. "Na hizi za leo mbona za duara, hazina hata tundu?"

"Kwa sababu mmoja hasikilizi na mwingine hasemi," alisema mke wangu. "Mimi naishi na wote wawili."

Afande alicheka mpaka chai ikamwagika. Yule askari kijana naye akacheka. Mjumbe akacheka kwa adabu. Mimi na baba mkwe tulikuwa sakafuni, tukitazama kila mtu upande wake.

Walituachia. Kalibu na goroli vilibaki "kwa uchunguzi." Tulipofika nyumbani mzee alikunywa maji, akavaa kofia yake yenye matundu, akasema, "Yule askari hajui uvuvi," akaenda zake.

Kwa muda mrefu alinituma kuifuatilia kalibu ile. Nilienda Kigongo, nikaambiwa imepelekwa mjini. Nilienda mjini, nikaambiwa mhusika yuko likizo. Niliporudi, mhusika alikuwa amehamishwa, na mpya hakuwa amekabidhiwa kitu kinachofanana na koleo. Nilikuwa naifuatilia kalibu ambayo sikuitaka, kwa niaba ya mtu nisiyeweza kumwambia kwamba siitaki. Siku moja nilikaa kwenye mawe karibu na feri nikaongea peke yangu kwa sauti, mpaka mpita njia akaniuliza kama ni mzima.

Baada ya hapo nilifanya bila kuuliza. Nilikwenda kwa mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza sufuria, nikamweleza mmoja ninachotaka. Kwanza nilichonga mfano kwa sabuni ya mche, kipande kinene katikati na chembamba pembeni ili kisichane wavu, tukashauriana ukubwa. Kidogo sana, wavu unaelea. Kikubwa sana, unazama kwenye tope pamoja na maboya. Tulitengeneza kalibu ya aluminiamu, vipande viwili, vyumba vinne, msumari mmoja mrefu ukipita vyumba vyote. Nilikata vijia vyembamba kama ukucha ili hewa ipate pa kutokea. Mwanzoni ilikataa kuachia msumari. Nikauchonga msumari uwe mwembamba upande mmoja, nikaupaka masizi, ukatoka kwa kugongwa mara moja.

Baba mkwe alikuja akaikuta inafanya kazi. Aliichukua, akaitazama.

"Mbona vidogo?" alimuuliza binti yake.

"Muulize mwenyewe, amesimama hapo."

Hakuniuliza. Kesho yake alileta chupa ya mafuta, akasema kalibu inataka kulainishwa. Akaipaka kabla sijafika. Nilipomimina, mafuta yakachemka, risasi ikajaa mapovu, na kazi ya siku nzima ikarudi karaini. Nikaisugua kalibu kwa majivu na maji ya moto, nikaikausha juani, nikaanza upya. Alikaa juu ya jiwe akinitazama, akaniambia mafuta yalikuwa mabaya, ya dukani si kama ya zamani.

Lakini kazi ilishika. Wavuvi wa Pasiansi walikuja kuchukua, kisha wa mialo ya mbali. Uzito wetu ulikuwa sawa, haukuchana wavu, na ulidumu. Kwa mara ya kwanza tangu kiwandani nilikuwa naamka na pa kwenda, hata kama ni nyuma ya nyumba tu. Nilipokuwa napita mwaloni nilisikia mzee akiwasimulia watu, amesimama na mkono kiunoni.

"Ile karibu niliifikiria mwenyewe. Mkwe wangu ananisaidia kumimina."

Nilipita kama sikusikia. Mke wangu, niliyemwambia jioni, alitaka kwenda kumsema huko huko mbele za watu. Nikamzuia. Tuligombana sisi wawili kwa sababu ya baba yake, na yeye amelala kwake usingizi mzuri.

Halafu maduka ya mjini yakabadilika. Tulikuwa tumezoea rafu tupu, na sasa kila nilipokwenda nilikuta kitu kipya: nyavu kutoka nje zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, kamba za rangi, maboya meupe magumu. Siku moja kwenye kaunta nikaona sanduku la uzito wa nyavu, umetengenezwa na mashine, laini, una tundu safi lisilo na kingo kali. Nikashika mmoja. Ulikuwa kama nilivyoota kuufanya wangu. Bei yake ilikuwa chini ya gharama yetu ya kununua betri chakavu. Nilisimama pale mpaka muuza duka akaniuliza nataka vingapi.

Wateja hawakugombana na mimi. Waliacha tu kuja, wakiniamkia vizuri njiani. Niliendelea kumimina kwa muda, nikavirundika kwenye madebe, nikijiambia vya dukani vitakwisha. Havikwisha.

Siku niliyokubali kwamba kazi yetu imekwisha ilikuwa asubuhi, mwaloni. Wavu mpya wa baba mkwe ulikuwa umetandazwa mchangani, na wavuvi wake wamekaa kando kando wakifunga uzito. Ulikuwa wa dukani, wote. Masanduku matupu yalikuwa pembeni. Mzee aliniona akaniita kwa furaha ya kweli, haikuwa dhihaka. Aliokota kimoja, akakipima kiganjani, akanipa.

"Tazama, mkwe. Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka tangu mwanzo."

Nilikishika. Maneno yote yalinijia mdomoni pamoja: mchanga, mbao, Kigongo, mafuta, kila kitu. Wavuvi walikuwa wanatutazama. Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni vizuri," nikachuchumaa, nikachukua kamba, nikawasaidia kufunga mpaka jua lilipokuwa kali.

Nilipomhadithia mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alitaka nicheke naye. Sikuweza; nilikwenda nyuma ya nyumba, nikayageuza madebe yale moja moja kwenye karai, nikayeyusha kila kitu, nikamimina vitofali virefu vya kuuzia mafundi betri. Kalibu nilimpa fundi aliyenitengenezea, aiyeyushe iwe sufuria.

Baadaye nilipata kazi kiwanda cha minofu, kwenye mashine za barafu. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, na msimamizi alikuwa mkali. Lakini mlangoni kulikuwa na mlinzi, na ndugu wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia.